Mama Mkwe na Fenda ya Kushoto

Naomba ieleweke mapema kwamba gari lilipendeza. Mke wangu, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, alilizunguka siku linatoka gereji, mkono kiunoni, tumbo la miezi minane mbele yake, akasema, “Limekaa vizuri. Sasa vitu vya mtoto vitakaa wapi?” Mimi nilibaki na sentensi ya kwanza. Ya pili haikunihusu.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza, RS200, gia sita za mkono. Ilipouzwa Japani, kati ya 1998 na 2005, injini yake ya 3S-GE ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 210. Wangapi walishuka salama bandarini Dar es Salaam, hilo Mungu anajua. Kila asubuhi naenda nalo kazini, Tabata hadi Posta, na kwa foleni zetu gia ya nne kwenda juu ni pambo.

Nilitaka liwe pana. Si kidogo, pana hasa, hadi mwenye bajaji afikirie mara mbili kabla ya kujipenyeza. Fundi akanipatia fenda pana za faiba, nne, kila moja na matundu yake ya riveti. Nilidhani zinabandikwa tu juu ya bodi. Kumbe kwanza unakata chuma cha gari, ule ukingo wa madigadi unaozunguka tairi, ndipo faiba inapigwa riveti juu yake, puti, kisha rangi. Fundi alichora mstari kwa chaki, akawasha grainda, cheche zikaruka hadi kwa mama ntilie wa jirani. Nilisimama karibu ili nionekane mwenye mali. Vumbi la faiba likaniingia shingoni, nikajikuna siku zilizofuata hadi bosi wangu akasogeza kiti na kuuliza kama kwetu kuna tetekuwanga.

Fenda zikakaa. Tatizo matairi sasa yalionekana yamezama ndani, paka angeweza kuzaa pale juu yake bila kusumbuliwa. “Bosi, hapa bila spesa tumefanya kazi bure,” fundi akasema, na spesa, vile vipande vya kusukuma gurudumu litoke nje, alikuwa nazo tayari mfukoni mwa ovaroli. Milimita 20 kila upande mbele, 25 nyuma, za aluminiamu, zile zinazofungwa kwenye stadi za gari, yaani boliti zinazoshika gurudumu, halafu zenyewe zina stadi zake za kubeba rimu. Mbele, stadi za asili zikachomoza nje ya spesa na rimu ikagoma kulala vizuri. Fundi hakuniuliza. Grainda tena. Stadi kumi, kwisha habari.

Kisha kuna tundu la katikati ya spesa. Habu ya Altezza, ile sehemu ya katikati inayobeba gurudumu, ni milimita 60.1, na spesa nzuri huikumbatia habu hiyo ili gurudumu likae katikati. Za kwetu zilikuwa na tundu kubwa, za “kuingia gari yoyote”. Nikifika spidi ya 80 usukani ulianza kutetemeka na simu ikahama yenyewe dashibodi. Nikasema ni barabara. Springi pia tulikata raundi moja, maana fenda pana na gari limesimama juu ni aibu kwa familia.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akapiga simu kutoka Morogoro. Anakuja kumlea binti yake hadi ajifungue. Nimpokee stendi ya Magufuli, Mbezi.

Nilimkuta amekaa juu ya mzigo. Gunia la mchele, mkungu wa ndizi, dumu la lita ishirini la kitu ambacho sikuthubutu kuuliza, na jogoo aliyefungwa miguu akinitazama vibaya.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Gari liko wapi?”

Nikamwonyesha. Akalitazama muda mrefu. “Limevimba,” akasema.

Mama mkwe wangu ni mama mwenye afya yake, Mungu amzidishie. Nikapiga hesabu haraka: buti limejaa, springi zimekatwa, na nafasi kati ya tairi la nyuma na fenda ni ya kupitisha vidole viwili. Nikamfungulia mlango wa mbele kwa heshima zote.

“Mbele? Bega kwa bega na mkwe wangu? Watu watasema nini?” Akaingia nyuma, kushoto, kiti cha wakubwa. Gari likainama upande ule nalo kwa heshima zote.

Tulipokunja kuelekea Malamba Mawili, shimo la kwanza: krrrrr.

“Baba, huyo si jogoo?”

Ungejibu nini wewe? Umwambie mama aliyekuzalia mke kwamba ni uzito wake unasaga tairi? “Ndiyo mama, ni jogoo.”

“Basi simama, atanifia.”

Nikasimama. Nikafungua buti, nikampapasa jogoo kwa sauti, huku nikiinama kuchungulia tairi. Lilikuwa limekwanguliwa begani, jeusi linang'aa, na linanukia moto. Jogoo mzima kabisa. Nikatangaza kwamba anakosa hewa, nikahamisha gunia la mchele hadi kiti cha mbele, nikalifunga mkanda.

Kinyerezi askari wa usalama barabarani akatunyooshea mkono. Alichungulia ndani, akaona mchele umefunga mkanda na mama amekaa nyuma kimya. “Huyu wa mbele ana kitambulisho?” Akacheka peke yake, akatuachia. Fenda hakuzitazama hata moja. Hilo liliniuma.

Tatizo ni tuta la kuingilia mtaani kwetu, lile waliloliinua wananchi wenyewe. Mbele ya kijiwe cha bodaboda, vijana wote macho kwangu. Gari lililolala huliingia tuta kiupande, gurudumu moja moja, nami nikaliingia hivyo, polepole, kitaalamu. Tatu zikapita. Ya nyuma kushoto ikashuka na mama mkwe wote kwa pamoja, tairi likaung'ata ukingo wa fenda, na riveti zikaanza kukatika moja baada ya nyingine, ta-ta-ta-ta.

“Sasa huyo jogoo amekufa kweli,” mama akasema.

Sikusimama. Nyumbani palikuwa karibu. Nyuma yetu bodaboda ikaja mbio honi juu, abiria wake ameinyanyua fenda kichwani kwa mikono miwili. “Mzee! Mzee! Umeangusha beseni!”

Mama mkwe akashusha kioo, akaipokea, akashukuru, akaipakata. Ndivyo tulivyoingia getini: mchele mbele umefunga mkanda, mama nyuma amepakata fenda. Mke wangu alikaa chini barazani akicheka hadi nikaogopa uchungu utaanza.

Kesho yake nikamwambia fundi atoe spesa. Akatoa za mbele, akapachika rimu, nati ikashika nyuzi mbili ikaishia hapo. Stadi tumezikata. Akazirudisha akiniambia stadi mpya atazitafuta kwenye maduka ya spea ya Gerezani, na anaendelea kuzitafuta. Kwa hiyo natembea hivi: pande tatu pana, upande mmoja chuma kilichochanwa na tairi limetoka nje, ndio upande wa wanaosubiri daladala. Mvua ikinyesha nawamwagia matope kituo kizima na kuomba radhi kwa honi.

Fenda yenyewe iko uani. Mama ameiegemeza ukutani na jogoo analala chini yake. Juzi aliniita, sauti ya upole.

“Baba, zile tatu zikidondoka usiziache barabarani. Mitetea inakuja Jumamosi.”