Kabla hujanunua krimu ya kuondoa madoa

Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye umri wa miaka 69. Alikuwa ameendesha kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa wa mtu wa umri wake. Wa kushoto, uliokaa dirishani, ngozi ilikuwa nene, imejaa mikunjo na kulegea, ungedhani ni wa baba yake. Tangu niione picha ile, siamini tena kwamba kukaa nyuma ya kioo ni kukaa kivulini.

Mionzi ya jua iitwayo UVB ndiyo inayotuunguza, na kioo huizuia kwa kiasi kikubwa. UVA, mionzi mingine ya jua, haiunguzi kwa haraka, kwa hiyo hatuihofu, lakini hupenya kioo na mawingu, ikazama hadi kwenye kolajeni, protini inayoishikilia ngozi.

Kinachonisikitisha ni juhudi tunazotumia kutafuta kitu cha kufuta madoa na makunyanzi huku jua likiendelea kutupiga kila mchana. Mtu anapaka seramu yake kwa uangalifu usiku, asubuhi anatoka uso mtupu. Kwangu mimi, kinga ni sehemu ya tiba yenyewe. Seli za ngozi hujirekebisha: hukagua DNA (maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli) iliyoharibiwa na jua, hukata kipande kibovu na kuweka kizima. Aziz Sancar alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kuchunguza namna seli zinavyoikarabati DNA. Ukarabati huo una mipaka. Ukiongeza majeraha kila siku, mengine hubaki, na humo saratani hupata mwanzo.

Mfano unaonipa moyo kuliko yote unatoka Queensland, Australia. Watafiti waliwafuatilia watu 903 wenye umri chini ya miaka 55; baadhi walipaka mafuta ya kukinga jua kila siku, wengine walipojisikia. Baada ya miaka minne na nusu, ngozi za waliopaka kila siku hazikuonyesha dalili ya kuzeeka zaidi. Mafuta ya kawaida kabisa, yaliyopakwa bila kuruka siku!

Wenye ngozi nyeusi tumezoea kuambiwa kwamba melanini, rangi ya asili ya ngozi yetu, inatosha. Inasaidia sana, hilo kweli, lakini haituzuii kupata madoa meusi yanayokaa miezi na miezi baada ya chunusi au jeraha dogo. Hata mwanga wa kawaida unaoonekana huyakoleza, ndiyo maana mafuta yenye rangi, yaliyotiwa oksidi ya chuma, hutufaa zaidi. Kwa mwenye ualbino, kofia pana na mikono mirefu ni lazima tangu utotoni, na mtu yeyote anayemlea mtoto huyo bila kuambiwa hivyo ameachwa gizani.

Kuhusu namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye mafuta, tusisumbuke mno. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya UVB, SPF 50 takriban 98. Kosa letu kubwa ni kupaka kidogo. Uso na shingo vinahitaji mistari miwili ya mafuta, kila mmoja wa urefu wa kidole, na kurudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, au mapema zaidi ukitoka jasho au ukioga baharini. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta mti.

Madoa yaliyokwisha kuingia yanatibika kwa kiasi. Tretinoini, dawa ya usiku anayoandika daktari, hupunguza mikunjo midogo na madoa, ila huchukua miezi, na mjamzito haruhusiwi kuitumia. Krimu za kujichubua ni jambo jingine kabisa, na hapo sina huruma na wauzaji: steroidi zinazotiwa humo huikondesha ngozi, zebaki huumiza figo, na ngozi iliyochubuliwa hubaki wazi kwa jua lile lile.

Na kama una kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, au doa linalobadilika umbo, rangi au kutoa damu, usilipake chochote. Nenda ukamwonyeshe daktari wa ngozi wiki hii.