Wanajeshi wangapi, mpaka lini, kwa pesa za nani?

Ndugu zangu wa Amu (Lamu), kila kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoko Somalia kinapobadilishwa jina, mabarazani kwetu huzuka ubishi ule ule: wanajeshi wetu wa Kenya, KDF, wabaki, waongezwe, au warudi nyumbani? AMISOM iligeuka ATMIS mwaka 2022, na tangu Januari 2025 ni AUSSOM. Nchi yetu imo katika vita hivyo tangu 16 Oktoba 2011. Wenye kutaka wabaki wana hoja zao, wenye kutaka warudi wana zao, na sina haja ya kuamua kati yao hapa. Linaloniuma ni kwamba ubishi wetu hauna pa kufikia. Huku Ujerumani ninakoishi watu wamebishana juu ya vita vya mbali kwa ukali kama wetu, lakini ubishi wao ulikuwa na mlango wa kuingilia.

Askari wa Ujerumani mwenye silaha hapelekwi vitani ng'ambo mpaka Bunge lao, Bundestag, likubali. Mahakama ya Katiba iliamua hivyo mwaka 1994, na sheria ya 2005 ikapanga utaratibu. Ombi la serikali lazima litaje mambo saba: kazi yenyewe, eneo, msingi wa kisheria, idadi ya juu kabisa ya askari, uwezo wa kikosi, muda, na gharama pamoja na zitakakotoka pesa. Muda huo kwa kawaida hauzidi mwaka. Ukiisha, serikali hurudi kuomba upya. Ikitaka kuvuka ile idadi, hurudi pia. Hatari ikiwa ya ghafla, askari wanaweza kutangulia, ila ombi hufuata bila kuchelewa, na Bunge likikataa wanarudishwa.

Tazama Afghanistan. Desemba 2001 Bunge liliruhusu askari 1,200 kwa kikosi cha Kabul. Kufikia Oktoba 2008 idadi ilikuwa imepanda hadi 4,500. Desemba 2009 Rais Obama akatangaza kuongeza Wamarekani 30,000, na washirika wakatakiwa nao waongeze. Wakati huo Wajerumani walikuwa na kidonda kibichi: tarehe 4 Septemba 2009 Kanali Georg Klein aliagiza ndege zipige malori mawili ya mafuta yaliyotekwa karibu na Kunduz, wakafa watu wengi, raia wakiwamo. Mkuu wa majeshi akaondolewa kazini, na aliyekuwa waziri wa ulinzi siku ya shambulio akajiuzulu. Serikali ilipokwenda Bungeni katika hali hiyo, iliomba 850 tu: 500 wa kwenda na 350 wa akiba. Jumla 5,350.

Kura ilipigwa 26 Februari 2010. Kura ya namna hii hupigwa kwa kadi zenye jina la mbunge: buluu ni ndiyo, nyekundu ni hapana, nyeupe ni kujizuia. Mbunge huinuka na kadi yake akaitumbukiza sandukuni mbele ya wenzake. Siku hiyo wabunge wa chama cha Die Linke waliinua mabango yenye majina ya waliouawa Kunduz. Spika Norbert Lammert akawatoa nje, kisha wakaruhusiwa kurudi kupiga kura. Ndiyo 429, hapana 111, waliojizuia 46. Mpaka leo mkazi wa Hamburg anaweza kuangalia mbunge wake alitumbukiza kadi gani.

Siusifii utaratibu huo kwa upofu. Wabunge hawawezi kubadilisha neno katika ombi, ni kukubali au kukataa basi. Kura za maoni zilionyesha Wajerumani wengi hawavitaki vita vile, na bado ruhusa ikapita mwaka baada ya mwaka hadi 2021. Askari wao 59 walikufa, na Taliban wakarudi Kabul. Lakini mwaka 2022 Bunge lilipounda tume ya kuchunguza miaka ile ishirini, kazi haikuanzia kwenye uvumi. Kila ombi lilikuwapo, na idadi yake, muda wake, gharama zake, na jina la kila aliyekubali.

Sasa tuje kwetu. Ibara ya 240(8) ya Katiba ya 2010 inasema Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka majeshi nje ya Kenya kwa idhini ya Bunge. Imeishia hapo. Haitaji idadi, haitaji muda, haitaji gharama. Wanajeshi walivuka mpaka Oktoba 2011, na Bunge likaidhinisha kujiunga na AMISOM Desemba, walipokuwa wameshazama ndani. Idadi tunazozisikia zimetoka New York, kwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa: azimio 2036 la Februari 2012 lilipandisha kikosi kutoka 12,000 hadi 17,731, na azimio 2124 la Novemba 2013 likakifikisha 22,126. Hizo ni hesabu za nchi zote kwa pamoja. Wangapi kati yao ni wana wa Kenya si jambo ambalo ibara yetu inamlazimisha yeyote kulipeleka Bungeni.

Hata waliokufa hawahesabiwi. Kambi ya KDF ya El Adde, Somalia, ilivamiwa na al-Shabaab 15 Januari 2016. Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alitaja wanajeshi 180 au karibu 200 waliouawa. Nairobi ikapinga, bila kutoa hesabu yake.

Na pesa? Posho ya mwanajeshi wa AMISOM ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi, ikilipwa na Umoja wa Ulaya, ambao mwaka 2016 ulipunguza mchango huo kwa asilimia 20. Yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara yetu sisi tunaofanya kazi huku imo katika vita hivyo. Bundestag wana haki ya kuhoji kila yuro yake. Mvuvi wa Kizingitini hana pa kuhoji.

Naye ndiye anayelipa zaidi. Vita hivi vilianzishwa kwa jina letu: mtalii alitekwa Kiwayu Septemba 2011 na mumewe akauawa, mwengine akatekwa Manda tarehe 1 Oktoba. Halafu yakaja mauaji ya Mpeketoni Juni 2014, na baada yake kafyu. Aliyeipanga kafyu ile hakuijua bahari yetu. Jarife hutegwa jioni na kutolewa alfajiri, maana mchana samaki anauona wavu. Ukimkataza mvuvi usiku, umelifungia jarife lake nyumbani. Ukija kwenye usafiri, Mkanda, mlango wa bahari kati ya Manda na bara, siku zile palikuwa hapapitiki ila maji yakijaa, na maji husogea kama dakika 50 kila siku. Zipo siku yanajaa alfajiri na magharibi, kwenye kingo za kafyu pande zote mbili. Nahodha wa Faza au Siyu akikosa dakika zile, ama alale Amu, ama azunguke nje ya Manda, na mwezi wa Julai kusi hakumbembelezi mtu mwenye mashua iliyojaa abiria. Operesheni ya msitu wa Boni nayo ilitangazwa Septemba 2015 kuwa ya siku 90. Waaweer, wenyeji wa msitu huo, wanajua zilivyorefuka.

Msiambiwe kwamba Kenya haiwezekani kuuliza. Ekuru Aukot na wenzake walikwenda mahakamani kupinga polisi wa Kenya kupelekwa Haiti, na tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa lina mamlaka ya kupeleka majeshi, si polisi. Serikali ilibidi itafute makubaliano na Haiti kwanza, na kundi la kwanza likaondoka Juni.

Sisi Wakenya wa Ujerumani tulipiga kura ya urais mwaka 2022, lakini mbunge hatuna. Nyinyi mnaye. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi, na sheria ya 2012 ya maombi hayo inakubali liandikwe kwa Kiswahili. Liwe limeandikwa kwa mkono au kwa mashine, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta. Kichwa cha jambo kionekane kwenye kila karatasi. Mseme mlikwishajaribu wapi, na kama kuna kesi mahakamani. Kila mtu aweke jina, anwani, namba ya kitambulisho, na sahihi au dole gumba. Malalamiko bila kusema mnataka nini hayafiki mbali, kwa hiyo mwisho muandike ombi lenyewe waziwazi: kwamba kila idhini chini ya 240(8) itaje idadi, muda usiozidi mwaka na gharama, kwamba ipigiwe kura kwa majina, kwamba waliokufa wahesabiwe hadharani, na kwamba aya ya (b) ya ibara hiyo, inayohusu majeshi ya kigeni ndani ya Kenya, ifuatwe vivyo hivyo kwa kambi ya kijeshi ya Manda Bay, ambako Wamarekani watatu waliuawa 5 Januari 2020.