RTLM haikutokana na uhuru kuzidi

Kila tunapodai uhuru wa vyombo vya habari Afrika Mashariki, hakosekani wa kutukumbusha Rwanda na redio ya RTLM, kwamba waandishi wakiachiwa watachinjanisha watu. Hoja hiyo imewanyamazisha wengi, nami siikubali.

RTLM ilianza matangazo Julai 1993, ikapendwa kwa muziki na utani wake. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza baada ya Aprili 6, 1994, watangazaji wale wale walitaja hewani majina ya watu, mahali walipo, hata namba za magari, na wauaji wakawafuata. Lakini redio hiyo ilikuwa ya nani? Rais Juvénal Habyarimana alikuwa mwanahisa wake. Waziri wa Habari, Faustin Rucogoza, aliionya kuhusu uchochezi, na Aprili 7 akauawa. Vincent Rwabukwisi, mhariri wa Kanguka, gazeti lililoikosoa serikali, naye aliuawa mwezi huo huo. Gazeti la chuki, Kangura, lilikuwa limeundwa makusudi kwa jina la kufanana na lake! Waliokuwa huru ndio waliozikwa.

Hilo haliwaondolei waandishi dhamana yao. Desemba 3, 2003, katika mahakama ya kimataifa pale Arusha, Jaji Navanethem Pillay alimwambia Ferdinand Nahimana, mwanahistoria na mwanzilishi wa RTLM, kwamba amesababisha vifo vya maelfu bila kushika bunduki wala panga. Alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2007 rufaa ikakipunguza hadi miaka 30. Hukumu ile haikuharamisha mjadala wa ukabila. Ilitenganisha kuujadili na kuchochea chuki, na mstari huo ndio ningependa kila mtangazaji aujue.

Leo ujumbe unazunguka WhatsApp kwamba fulani ni mwizi wa watoto, na mtangazaji anausoma na jina kamili la mtu huyo, bila hata kumpigia simu mhusika. Mtu huyo akivamiwa jioni hiyo, kuomba radhi kesho yake kunamsaidia nini?

Wa kuzuia ni mhariri, iwe habari hiyo imeletwa na msikilizaji au na mwenye redio mwenyewe. Ila wahariri wetu wengi wakimkatalia tajiri wanapoteza kazi. Kwa hiyo chama chochote cha waandishi kinachohubiri maadili kianzie kwenye mikataba: kidai kipengele kinachokataza mhariri kufukuzwa kwa sababu amekataa kutoa habari isiyothibitishwa.