Akaunti ya kawaida hulinda mfumo, picha zako je?

Ukianza kutumia kompyuta mpya ya Windows nyumbani, akaunti ya kwanza unayofungua huwa ni ya msimamizi, na familia nyingi huishia hapo hapo. Wakubwa kwa watoto huingia kwa akaunti hiyo moja yenye mamlaka yote. Ushauri wa siku nyingi ni kwamba shughuli za kila siku zifanyiwe kwenye akaunti ya kawaida, isiyoruhusiwa kugusa mfumo wenyewe. Je, inazuia virusi kweli?

Inazuia kwa sehemu. Mtazame mtoto aliyepakua mchezo wa bure. Anabofya mara mbili, skrini inafifia, kisanduku cha kuomba ruhusa kinatokea. Kwenye akaunti ya msimamizi kinauliza ndiyo au hapana tu, na kidole kimeshazoea ndiyo. Kwenye akaunti ya kawaida kinadai nywila ambayo mtoto haijui, hivyo inabidi amwite mzazi. Dakika hiyo ya kuitana ndiyo kinga yenyewe. Enzi za Windows XP, iliyotoka 2001, hata kisanduku hicho hakikuwepo. Kilikuja na toleo lililofuata, Windows Vista.

Lakini wanaoitilia shaka kinga hii wana hoja nzito. Picha za familia na nyaraka zimo ndani ya akaunti yako, na programu yoyote uliyoifungua inaweza kuzibadili au kuzifuta kama wewe mwenyewe. Kirusi kinachofunga faili ili kidai fidia hakihitaji mamlaka zaidi ya hayo. Tena kirusi cha aina hiyo kiitwacho WannaCry, Mei 2017, hakikusubiri mtu abofye: kilipenya mtandaoni kupitia tundu la Windows na kujitwalia mamlaka ya mfumo mzima. Hapo aina ya akaunti haikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, ambacho Microsoft ilikuwa imekitoa Machi mwaka huo.

Hata hivyo mimi naiunga mkono akaunti ya kawaida. Kirusi kilichobanwa humo mara nyingi hushindwa kuzima programu ya kukizuia au kujichimbia ndani ya mfumo, na kukiondoa huwa kazi nyepesi zaidi. Fungua kwanza akaunti ya pili ya msimamizi, iwekee nywila, ndipo uishushe ya kwako iwe ya kawaida. Picha nazo zinakiliwe kwenye diski ya nje, kisha uichomoe, maana ikibaki imechomekwa, kirusi kitazifunga na nakala pia.