Utitiri Si Ukoo Mmoja

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Hombolo alinyunyizia rundo la samadi dawa ya kuogeshea mifugo. Alikuwa amemwokota dundu wa mavi, akamkuta kagandwa tumboni na vidoa vya kahawia. "Ona, kupe wameingia mpaka kwa dundu!" Na samadi yenyewe ni ya kupeleka kwenye mizabibu.

Kupe gani anafuata dundu? Kupe anataka damu ya ng'ombe, ya mbuzi, hata ya mjusi, yaani mnyama mwenye uti wa mgongo. Nikachukua lenzi. Kila kidoa kilikuwa mdudu asiyefika milimita moja, gamba gumu juu, miguu imekunjwa na kufichwa kwenye vijishimo chini ya tumbo, kama kobe aliyeguswa. Wataalamu huliita kundi lao Uropodina. Mimi nawaita utitiri-kobe.

Hawamnyonyi dundu. Ni tunutu, bado hawajapevuka, na kila mmoja amejishikiza kwa kijiti kigumu cha ute uliotoka nyuma yake (samahani kama unakula). Ni abiria tu. Mavi yakikauka, na kwa kiangazi cha Dodoma yanakauka upesi, mdudu asiye na mabawa atafikaje kwenye mavi mabichi? Anadandia dundu. Akifika anajibandua, anashuka, anamalizia kukua hukohuko. Chakula chao ni kuvu na minyoo midogo mno, na wako wanaokula funza wachanga wa nzi wa nyumbani. Hao ndio waliomwagiwa dawa.

Ila jirani hakupotea sana. Kwa ukoo, utitiri-kobe, kupe, papasi wa kwenye tembe na utitiri mwekundu wa kuku wote ni tawi moja, Parasitiformes. Yule wa nyanya, anayefuma utando chini ya majani, yuko tawi jingine kabisa, Acariformes. Sisi tunasema utitiri kwa wa kuku na wa nyanya, na lugha haina kosa hapo. Ninaogombana nao ni wauza pembejeo: unasema "utitiri" tu, unapewa chupa, hakuna anayekuuliza umewaona wapi wala wanakula nini.

Nusu ya rundo haijaguswa. Nimemwomba aiache hivyo. Amesema atafikiria, na dundu akamtupia kuku.