Mama, Hizi Si Zambarau

Kosa nililifanya mezani, usiku wa kuamkia safari, pale nilipomwambia shemeji yangu kwamba mimi nimezaliwa juu ya baiskeli.

Nimezaliwa hospitali, Muheza, kama watu wengine. Ila Babu alikuwa na Raleigh nyeusi, nzito kama kitanda cha chuma, na mimi niliijua kabla miguu haijafika kwenye pedeli nikiwa nimekaa. Nimebebea magunia ya machungwa, nimebebea madumu ya maji, na Idi moja nilibeba mbuzi pamoja na mwenye mbuzi. Sasa shemeji, mume wa dada yangu, Mhispania wa Sevilla, aliponiuliza kwa upole kama nitaweza kilomita 36 za milimani, niliona nimetukanwa.

Shemeji ni mtu mwema. Neno "shemeji" amejifunza kulisoma kwenye simu ya dada, na kwa kuwa herufi j ya kwao hutoka kooni, yeye huniita "Shemekhi". Nimeshazoea, naitika.

Basi Desemba ile, likizo yangu ya kuwatembelea Hispania ikiwa imebaki siku nne, akanipeleka Olvera, mji mweupe uliopanda kilima, juu kabisa kanisa na ngome ya Waarabu vimekaa bega kwa bega. Chini ya mji inaanzia njia wanayoiita Vía Verde de la Sierra, mpaka Puerto Serrano. Ni tuta la reli. Walianza kuijenga miaka ya 1920, wakachimba mahandaki 30, wakasimamisha madaraja makubwa manne juu ya mabonde, halafu pesa zikaisha, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, na treni haikupita hata siku moja. Sasa wanapita watu wa baiskeli, waenda kwa miguu na farasi. Gari hakuna. Sisi wa Tanga tunajua kungoja treni, lakini hawa wamezidi.

Duka tulilokodi baiskeli walinipa yangu na suruali ya kubana yenye godoro dogo matakoni. Nilipojiona kwenye kioo nikamshukuru Mungu kwamba Babu hayupo.

"Unazijua hizi breki?" shemeji akauliza.

"Shemeji," nikamwambia, "nimebeba mbuzi mimi."

Hakuuliza tena.

Njia ilikuwa tamu, lazima niseme ukweli. Kutoka Olvera inateremka taratibu, mteremko wa treni, hauuoni kwa macho ila baiskeli inauona. Kulia na kushoto mizeituni, mistari iliyonyooka mpaka milimani, na mimi niliyekulia karibu na mashamba ya mkonge nikajisikia nyumbani. Ukiingia handakini baridi inakushika masikio na giza linakuja ghafla; ukitoka, jua linakupiga usoni kama umefunuliwa shuka. Handaki la kwanza nilipiga kelele kusikia mwangwi. La pili nikaimba.

Hapo ndipo shetani akaninong'oneza: mpigie Mama video.

Kwetu ilikuwa saa saba mchana, Mama amemaliza kupika. Akapokea, simu kaiweka karibu mno kama kawaida yake, namuona paji la uso na nusu ya kanga.

"Shikamoo Mama! Tazama mlima huu! Tazama mwanao!"

"Marahaba, baba. Mbona umevaa chupi barabarani?"

Nikageuza simu aone mandhari. Mkono wa kulia umeshika simu, wa kushoto usukani, baiskeli inateremka yenyewe, nami naeleza kama mtangazaji wa mpira: hili Mama ni handaki, sasa tunaingia, hunioni, sasa tunatoka...

Tulipotoka, jua likanipofusha, na lilipoacha kunipofusha nikaona trekta. Limekatisha njia mbele yangu, taratibu, halina haraka na mtu, linavuta tela limejaa zeituni.

Sasa nifafanue kitu, maana ndicho kilichoniponza. Kwenye Raleigh ya Babu, mkono wa kulia ni breki ya mbele, wa kushoto ni ya nyuma. Mwili wangu unajua hivyo kuliko unavyojua jina langu. Nikawaza kwa haraka: mkono ulio huru ni wa kushoto, wa kushoto ni breki ya nyuma, ya nyuma haimwangushi mtu. Nikaikamua kwa nguvu zangu zote.

Hispania, wa kushoto ni wa mbele.

Tairi la mbele likasimama. Mimi sikusimama. Nilipita juu ya usukani, simu ikatangulia, nikaivuka kingo ya njia, na nikiwa hewani nilipata nafasi ya kuwaza mambo matatu: deni la duka, suruali ya kubana, na kwamba nitazikwa wapi. Kisha nikatua puu! juu ya kitu laini kinachoteleza.

Msimu wa mavuno hutandika nyavu kubwa chini ya mizeituni, halafu hupiga matawi kwa fimbo ndefu, zeituni zinanyesha, wanazikunja nyavuni. Mimi nilitua katikati ya wavu uliojaa. Nikateleza kifudifudi mpaka kwenye shina la mti, nikatulia hapo, mdomo wazi, zeituni zimeniingia kila mahali penye upenyo. Ile suruali ina upenyo mwingi kuliko unavyodhani.

Nikainua kichwa. Watu kama saba hivi wananijia mbio, kila mmoja na fimbo yake, ndefu kuliko yeye.

Jamani, mimi ni mtu wa Tanzania. Watu saba wenye fimbo wanakukimbilia nawe umelala kwenye mali yao, hilo halihitaji mkalimani. Nikainua mikono juu na kupiga ukelele kwa Kiswahili fasaha: "Si mwizi mimi! Wallahi si mwizi!" Na kila nilipoinua mikono, zeituni zikadondoka kutoka kwenye mikono ya fulana, mojamoja, mbele ya mashahidi. Baadaye nikaambiwa kwamba wizi wa zeituni huko ni jambo la kweli, polisi huzunguka mashambani msimu mzima. Nashukuru sikulijua saa ile.

Wakanizunguka. Kimya. Na ndani ya kimya kile, kutoka chini ya zeituni, sauti ikasema:

"Mbona naona mbingu?"

Wote wakaruka nyuma. Mmoja akapiga ishara ya msalaba.

"Wewe mtoto! Uko wapi? Hao wenye fimbo ni akina nani? Wamwache mwanangu!"

Akainama bibi mmoja, mtu mzima mwenye kitambaa kichwani, akafukua kwa mikono miwili, akaitoa simu. Nzima kabisa, hata kioo hakikupasuka. Akamtazama Mama. Mama akamtazama. Kisha wakaanza kuongea, huyu Kihispania, huyu Kiswahili, kwa pamoja, bila kusubiriana, na naapa walielewana. Bibi alikuwa ananielekeza kwa kidole na kutikisa kichwa, Mama alikuwa anasema, "Ndivyo alivyo, tangu mdogo."

Kufikia hapo shemeji amefika, amekaa chini kando ya njia, anashika mbavu. Nilidhani analia.

Bibi akampa Mama aone mavuno, kateka kiganja kizima akakisogeza kwenye kamera. Nyeusi, zimenona, zinang'aa.

"Ala! Zambarau!" Mama akashangilia. Na kweli, ukiziangalia huwezi kubisha.

"Aceituna," bibi akasema.

"Zeituni?" Mama akasema.

"Aceituna!"

"Zeituni!"

Neno la Mwarabu, limetoka kwake likaenda pande mbili, limekutana lenyewe kwenye simu yangu. Wale vijana wenye fimbo wakaanza kucheka na kurudia, "Zeituni, zeituni." Lakini Mama hakuwa anacheka. Alikuwa ameshaanza: "Wattini wazzaituni..." Akaisoma sura mpaka mwisho. Bibi akainamisha kichwa kwa heshima, sijui alielewa nini.

"Mwanangu," Mama akasema alipomaliza, "mti uliotajwa kwenye Kurani umekuangukia wewe. Piga bismillahi, ule."

"Mama, ndiyo kwanza nimeanguka."

"Kula."

Mtu ana miaka thelathini na minane, ana ndevu, mama yake akisema kula, anakula. Nikachagua moja nene, iliyoiva vizuri. Niliona wale watu wameacha kucheka. Wamekuwa makini ghafla, wameegemea fimbo zao, wananitazama kwa upendo. Ningejiuliza kwa nini.

Nikatafuna.

Shubiri naijua, tulipakwa tukiwa wadogo tuache kunyonya vidole. Shubiri ni sharubati. Zeituni ikitoka mtini, hata ikiwa nyeusi namna gani, huliwa baada ya kulowekwa wiki kadhaa kwenye maji na chumvi, kutoa ule uchungu. Wataalamu wanauita oleuropeini. Mimi nina jina jingine, haliandikiki. Ulimi ulijikunja, masikio yakalia, machozi yakatoka yenyewe.

"Tamu?" Mama akauliza.

"Tamu, Mama," nikasema. Baraka ni baraka.

Hapo ndipo watu walipolala chini kwa kicheko. Dereva wa trekta alizima injini ili acheke vizuri.

Walinipa maji, mkate uliomwagiwa mafuta mabichi ya kijani, na plasta ya goti. Shemeji akainyoosha baiskeli. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia habari ya breki.

"Shemekhi," akasema, "wewe umebeba mbuzi."

Tulifika Puerto Serrano jioni, mimi nimeshika usukani kwa mikono yote miwili kama naongoza bajaji ya kukopa. Njiani, kwenye jabali la Zaframagón, wanakokaa tumbusi kwa makundi makubwa, walikuwa wakizunguka angani polepole. Shemeji alisema hiyo ndiyo desturi yao. Kuna mmoja alikuwa anazunguka juu yangu tu.

Bibi alinifungia dumu la mafuta la lita tano, la Mama. Limefika Muheza salama, limewekwa kabatini, mwenye goti linalouma anapakwa kidogo kwa mpango maalumu. Na kila nikimpigia Mama, kabla hajaniuliza kama nimekula, ananiuliza:

"Yule mwenzangu wa zambarau, hajambo?"

"Hajambo, Mama." Hata jina lake silijui.

"Ananisalimia?"

"Anakusalimia sana."