Kisasi Ambacho Mima Hakukiomba

Maonyo mawili kwanza. Makala hii inafichua mwisho wa filamu, na filamu yenyewe, ingawa ni ya katuni, si ya kuwawekea watoto sebuleni. Perfect Blue ya Satoshi Kon ina damu nyingi na ina tukio la ubakaji ambalo hata mimi nikilifikia hutamani kuangalia pembeni. Kwa maoni yangu ndiyo filamu ya kutisha iliyouelewa umaarufu kuliko zote, na kila nikiirudia naiona inazungumzia leo, si mwaka 1997 ilipotoka.

Ilitengenezwa kwa fedha kidogo. Mpango wa awali ulikuwa kuigizwa na watu, lakini baada ya tetemeko la ardhi la Kobe la Januari 1995 mambo yaliharibika, bajeti ikakatwa, ikaamuliwa iwe katuni ya kuuzwa kwenye kanda za video tu. Kon alikuwa hajawahi kuongoza filamu ndefu. Aliruhusiwa kuibadilisha riwaya ya Yoshikazu Takeuchi apendavyo, mradi vibaki vitu vitatu: msichana mwimbaji, shabiki, na utisho. Kutoka kwenye vitu hivyo vitatu akatoa dakika themanini na kidogo ambazo zilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Fantasia, Montreal, Agosti 1997, kabla hata Wajapani wenyewe hawajaiona kwenye majumba ya sinema.

Mima Kirigoe ni mwimbaji wa kundi la wasichana watatu, CHAM!. Kundi halivumi. Mashabiki wake ni wachache, karibu wote wanaume, lakini ni mashabiki lialia, wa kuhudhuria kila onyesho. Tadokoro, bosi wake, anaona muziki haulipi, anamhamishia Mima kwenye uigizaji. Katika tamthilia ya televisheni anapewa maneno machache mno: "Wewe ni nani?" Ili nafasi yake ikue, anakubali kuigiza tukio la kubakwa jukwaani kwenye klabu ya usiku, kisha anapigwa picha za utupu. Ndipo waliomfikisha hapo wanaanza kuuawa. Mwandishi wa tamthilia anakutwa amekufa. Mpiga picha anachomwachomwa kisu nyumbani kwake.

Filamu za kisasi tunazozijua hutupa mtu aliyedhulumiwa, tukamsubiri alipize, na akilipiza tunashusha pumzi. Hapa aliyedhulumiwa hajalipiza kisasi na hajamtuma mtu. Wanaolipiza ni wengine, kwa niaba ya Mima wanayemfahamu wao, yule wa jukwaani mwenye gauni la waridi na tabasamu. Na kwenye orodha ya wanaopaswa kufa yumo Mima mwenyewe, kwa kosa la kutofanana na yule wa kwao.

Mapema kabisa katika filamu kuna picha moja inayobeba yote haya. Me-Mania, shabiki anayefanya kazi ya ulinzi kwenye onyesho, ananyoosha kiganja mbele ya macho yake kiasi kwamba Mima anayecheza jukwaani kule mbali anaonekana kama anacheza juu ya mkono wake. Dakika chache baadaye vijana walevi wanaleta fujo, na mtu huyohuyo anapigwa hadi kutoka damu akijaribu kulinda onyesho. Kon hakutaka tumchukie haraka. Anatuonyesha kuwa mapenzi yake ni ya kweli na kwamba yuko tayari kuumia kwa ajili yake. Utisho unaanzia kwenye ukweli huo, maana mtu aliyekwisha kuvuja damu kwa ajili yako anaona unamdai kidogo na yeye anakudai sana.

Halafu kuna tovuti, "Chumba cha Mima". Kumbukeni huu ni mwaka 1997. Mima mwenyewe ananunua kompyuta na inabidi aelekezwe jinsi ya kuingia kwenye intaneti. Akifika anakuta shajara iliyoandikwa kwa jina lake na mtu asiyemjua. Ina vitu alivyonunua dukani, ina mguu anaotanguliza akishuka kwenye treni. Mwanzoni anacheka. Kisha shajara inaanza kulalamika kwamba hataki uigizaji, kwamba amelazimishwa, kwamba anataka kurudi kuimba. Mashabiki wanaisoma na kuiamini kuliko wanavyomwamini Mima aliyesimama mbele yao.

Sasa niseme ninachokiona kuwa kiini cha filamu, na ambacho watazamaji wengi hukipita wakimkimbilia Me-Mania na sura yake ya kutisha. Muuaji mkuu si yeye. Ni Rumi, mama wa kampuni anayemlea Mima kazini, anayemfundisha kompyuta, anayemtetea mbele ya Tadokoro. Rumi naye aliwahi kuwa mwimbaji wa aina hiyo na siku zake zikapita. Siku ya kurekodi tukio la ubakaji anatoka chumbani akilia. Ukiiangalia filamu kwa mara ya kwanza unampenda kwa machozi yale; ukiirudia yanakutia baridi, kwa sababu unajua tayari analilia nini. Ndiye aliyeandika ile shajara. Ndiye aliyekuwa akimwandikia Me-Mania kwa jina la Mima, akimwambia kuna tapeli anayechafua jina lao na anapaswa kuondolewa.

Sioni kama Kon alitia chumvi. Mwimbaji Selena aliuawa Corpus Christi, Texas, tarehe 31 Machi 1995, akiwa na miaka 23. Aliyempiga risasi alikuwa rais wa klabu ya mashabiki wake, mtu aliyepanda hadi akakabidhiwa kusimamia maduka yake ya nguo, kisha akatuhumiwa kula fedha. Shabiki aliyekaribishwa ndani, akapewa funguo.

Kesi nyingine inafanana na Perfect Blue kiasi cha kusumbua. Rebecca Schaeffer, mwigizaji wa Marekani aliyejulikana kwa tamthilia ya vichekesho ya familia, alipigwa risasi mlangoni kwake Los Angeles tarehe 18 Julai 1989. Alikuwa na miaka 21. Muuaji alikuwa shabiki aliyemfuatilia kwa miaka, akimwona kama binti safi asiye na doa. Kilichomgeuza ni filamu ambamo Rebecca alionekana kitandani na mwanamume. Filamu tu, kazi, maneno ya kukariri. Akamlipa mpelelezi wa kukodi, naye akaipata anwani ya binti huyo kwenye kumbukumbu za serikali za leseni za udereva. Mwaka uliofuata California ilipitisha sheria ya kwanza Marekani dhidi ya kumnyemelea mtu, na mwaka 1994 ikaja sheria ya nchi nzima ya kuzifunga kumbukumbu hizo za madereva. Jina la muuaji silitaji. Alitaka sana jina lake liambatane na la Rebecca.

Ukiyaangalia haya kwa pamoja, neno "kichaa" linalorushwa haraka baada ya kila tukio halinitoshi. Ugonjwa wa akili upo, lakini kuna biashara inayoulisha. Japani inaiendesha waziwazi. Kundi la AKB48 liliuza CD zenye tiketi ndani: ununue, upate nafasi ya kumshika mkono msichana unayempenda kwa sekunde chache. Ukinunua nyingi unapata sekunde zaidi. Wasichana wenyewe wanatarajiwa wasiwe na wapenzi, ili kila aliyenunua aendelee kujiona ana nafasi. Januari 2013, Minami Minegishi wa kundi hilo aliandikwa gazetini kwamba alilala nyumbani kwa mwanamume. Akanyoa nywele zote na kutokea kwenye video akilia na kuomba radhi. Alikuwa mtu mzima wa miaka 20. Mwaka uliofuata, kwenye shughuli ya kushikana mikono mkoani Iwate, mwanamume mwenye msumeno aliwajeruhi waimbaji wawili wa kundi hilo na mfanyakazi aliyekuwa pamoja nao.

Lakini tukio linaloniuma kuliko yote hayo ni la Maho Yamaguchi wa NGT48, kundi dada la AKB48. Desemba 2018 alivamiwa mlangoni kwake Niigata na wanaume wawili, mashabiki. Walikamatwa, hawakushtakiwa. Alipoona wakubwa wake wako kimya, akajitokeza mwenyewe mtandaoni kusema. Siku chache baadaye, tarehe 10 Januari 2019, akapanda jukwaani mbele ya watazamaji na kuomba radhi kwa usumbufu aliousababisha. Yeye, aliyevamiwa.

Ndiyo maana usiku ule Mima anapovunjika ndani ya chumba chake, filamu inaacha kuwa hadithi. Amerudi kutoka kurekodi tukio la ubakaji, anakuta samaki wake wamekufa kwenye tangi, anatupa vitu huku analia. Anasema hakutaka kulifanya hata kidogo, ila asingeweza kuwasumbua watu waliomhangaikia hadi pale. Tangu asubuhi alikuwa akitabasamu na kusema yuko sawa. Kati ya Mima wa kuchorwa na Maho wa kweli kuna zaidi ya miaka ishirini, na wote wawili wamefundishwa kwamba maumivu yao ni kero kwa wengine.

Polisi nao wana sehemu yao. Mei 2016, mwimbaji mwanafunzi Mayu Tomita alichomwa kisu mara nyingi nje ya ukumbi huko Koganei, Tokyo, na shabiki ambaye zawadi zake alizirudisha. Kabla ya hapo alikwenda polisi kuripoti jumbe za mtu huyo. Sheria ya Japani ya wakati ule haikuwa imeorodhesha jumbe za mitandao ya kijamii miongoni mwa vitendo vya kumnyemelea mtu. Ilirekebishwa Desemba mwaka huohuo. Mayu alipona, kwa namna mtu anavyoweza kupona jambo kama hilo.

Nina malalamiko juu ya filamu yenyewe. Me-Mania amechorwa akiwa na meno mabaya na macho yaliyotengana, ili yeyote ajue huyu ndiye wa kuogopwa. Hilo linamfariji mtazamaji anayejiona ana sura ya kawaida. Tena, Kon anapomfichua Rumi mwishoni, kwenye mbio zile za mitaani ambapo tunaona msichana mwepesi anaruka huku vioo vya maduka vikionyesha mwanamke mnene anayehema, anatumia unene na umri wa Rumi kama kitu cha kushtusha. Najua kwa nini alifanya hivyo. Tasnia ndiyo iliyomfundisha Rumi kuuchukia mwili huo. Bado naona kamera inauchukia pamoja naye. Na tukio la ubakaji kwenye seti ni refu kuliko linavyohitajika, ingawa mwigizaji mwenzake anayemnong'oneza Mima samahani kamera zinaposimama ni moja ya vitu vya kibinadamu zaidi nilivyowahi kuona kwenye filamu ya kutisha.

Huku kwetu hatuna CD za kushikana mikono, ila timu tunazo. Aliyepitia miaka ya mabishano ya Timu Kiba na Timu Diamond, mashabiki wa waimbaji Alikiba na Diamond Platnumz, anajua jinsi mtu asiyewahi kukutana na msanii hata mara moja anavyoweza kuamka asubuhi na kumtukania mama mtu kwa ajili yake. Anajua zile akaunti zinazoandika kwa jina la staa, zikieleza alichokula na anavyojisikia, na jinsi mashabiki wanavyozinukuu kama ushahidi. Wanaotukanwa zaidi ni wanawake: mpenzi aliyepo, mpenzi aliyepita, mwigizaji aliyevaa nguo ambayo wafuasi wake hawakuipitisha. Wasanii wengine wanazitumia timu hizo kuuza nyimbo na kukaa kimya zinapomshambulia mtu. Hilo nalichukulia kuwa kosa lao. Mwenye wafuasi mamilioni anaweza kuandika mstari mmoja wa kuwazuia.

Nirudi kwenye mwisho. Rumi, akiwa na gauni la Mima na wigi limeng'oka, amejeruhiwa na kioo, anasimama katikati ya barabara akizikaribisha taa za lori kwa mikono miwili kana kwamba ni taa za jukwaa. Mima, ambaye dakika moja kabla alikuwa anawindwa na mtu huyu, anajitupa barabarani kumwokoa. Ndicho kitendo pekee katika filamu nzima kinachofanywa kwa ajili ya mtu mwingine bila kumdai chochote, na amekifanya yule aliyeitwa msaliti.

Baadaye tunamwona Mima, sasa mwigizaji mwenye jina, akitoka kumtembelea Rumi hospitalini. Wauguzi wawili wananong'onezana kama kweli ni yeye, kisha wanakubaliana kuwa haiwezekani. Anaingia ndani ya gari, anajitazama kwenye kioo cha dereva, anatabasamu na kusema yeye ndiye halisi. Watazamaji wanabishana mpaka leo kwamba labda anadanganya, labda huyo ni Rumi, labda yote yalikuwa ndoto. Mimi namwamini. Amefuatwa filamu nzima na watu waliojipa haki ya kuamua Mima wa kweli ni yupi, na sioni kwa nini nami nijiunge nao baada ya yeye mwenyewe kusema.